Mchanga Mwekundu wa Pangani: Maisha ya Grasiana Isaka Mhina, 1931–1979

Nyuma ya pazia la Studio Mhina, hapa Korogwe, kuna kiti kifupi ambacho hakijakaliwa na mtu tangu Septemba 1970. Miguu yake ilikatwa makusudi, ili aliyekikalia aweze kuunyoosha mguu wake wa kushoto chini ya meza. Juu ya meza hiyo kuna visahani vitano vya rangi. Rangi imekauka na kupasuka kama tope la mtoni wakati wa kiangazi. Wateja wa zamani wanakumbuka kwamba, kabla hawajamwona mtu yeyote ndani ya studio, walisikia nyuma ya pazia sauti ya mwanamke akiimba wimbo wa kanisani huku kafumba mdomo. Wengi walidhani ni mfagizi. Kwa miaka tisa sauti hiyo haikusikika, na wachache sana waliuliza imekwenda wapi. Leo, mbele ya jeneza lake, inafaa ijulikane ilikuwa ya nani.

Marehemu Grasiana alizaliwa Mazingara, Wilaya ya Handeni, siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 3 Aprili 1931. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Isaka Mhina, mkulima wa mahindi na katekista, na mkewe Bibi Chausiku. Kaka yake, Ernesti, alikuwa amemtangulia kwa miaka mitatu. Waliozaliwa baada yao hawakuishi, kwa hiyo wawili hao walikua wameshikamana, kwani hapakuwa na mwingine wa kushikamana naye. Akiwa na umri wa miaka mitano, Grasiana alishikwa na homa iliyomlaza majuma matatu. Ilipoondoka iliuacha mguu wake wa kushoto umelegea, mwembamba, wa kuburutwa. Mama yake alilia. Baba yake alisali. Ernesti, mtoto wa miaka minane, alichuchumaa kando ya mkeka akampa mdogo wake mgongo na kusema neno moja tu: "Panda."

Mwaka 1940 aliandikishwa katika shule ya misheni, umbali wa maili tatu kutoka nyumbani, akasoma hadi darasa la nne mwaka 1944. Miaka yote hiyo alikwenda shule juu ya mgongo wa Ernesti. Wazee wa Mazingara walizoea kuwasikia kabla ya kuwaona, kwa sababu walikuwa na mchezo wao. Ernesti, aliyeinama chini ya mzigo, hakuona kitu ila njia na vidole vya miguu yake, basi alikuwa akiuliza.

"Unaona nini huko juu?"

"Shamba la Mzee Muhidini."

"Hilo hata mimi nalijua. Rangi gani?"

"Kijani. Lakini si kijani kimoja, kaka. Majani ya chini yamechoka, ya juu ndiyo kwanza yameamka."

"Mahindi yanachoka?"

"Kama wewe."

Hapo Ernesti alicheka mpaka ikabidi amtue kwanza. Siku mwalimu alipowasimulia habari za bahari, maji yasiyo na ng'ambo, Ernesti aliahidi njiani kwamba siku moja atambeba mdogo wake mpaka huko. Grasiana akamuuliza kama ni kwa mgongo. "Kwa mgongo," akajibu. "Ukinenepa, kwa basi." Ahadi hiyo ilitajwa mara nyingi katika maisha yao, mwanzoni kwa kicheko.

Shuleni Grasiana hakuwa hodari wa hesabu, lakini alijitengenezea rangi zake: nyekundu ya mbegu za mzingefuri, nyeusi ya mkaa, kijani cha majani aliyoyaponda juu ya jiwe. Alizipaka kwenye kila karatasi iliyoangukia mikononi mwake, hata pembezoni mwa kitabu cha nyimbo cha baba yake. Mzee Isaka alimchapa kwa kosa hilo, kisha akaendelea kukitumia kitabu hichohicho kanisani hadi alipofariki, na hakukubali kununuliwa kingine.

Ernesti aliondoka Mazingara mwaka 1946 kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Korogwe. Baada ya muda aliajiriwa na mpiga picha mmoja mjini, kazi yake ikiwa kusafisha picha katika chumba cha giza. Alijifunza upesi. Mwaka 1957 alifungua studio yake mwenyewe si mbali na stesheni ya reli. Grasiana alikuwa amehamia Korogwe tangu 1953, akiishi Kilole kwa mama yake mdogo. Tarehe 16 Julai 1955 alifunga ndoa na Bwana Yordani Shemndolwa, karani wa shamba la mkonge, mtu wa maneno machache. Bwana Yordani alipoulizwa na wazee kama haoni kwamba mchumba anachechemea, aliwajibu kwamba hamtafuti mtu wa kukimbizana naye. Walijaliwa watoto wawili, Isaka na Chausiku.

Siku hizo picha zilikuwa za rangi nyeusi na nyeupe tu. Filamu ya rangi ilikuwa ghali, na kuisafisha ilibidi ipelekwe ng'ambo. Aliyetaka rangi alipakiwa kwa mkono: pamba iliyoviringishwa kwenye ncha ya kijiti, tone la rangi, na subira. Ukikosea, picha imeharibika. Ernesti alijaribu akashindwa, kwani mkono wake ulikuwa na haraka. Ndipo, mwanzoni mwa 1959, alipomwita mdogo wake. Grasiana alianza kwa kuwapaka maharusi midomo na kanga, akaendelea na mashati, maua, na nyumba mpya zenye mabati. Uhuru ulipokuja Desemba 1961, watu walipanga foleni mpaka barabarani ili wapigwe picha na bendera, na kila bendera ilipita katika vidole vyake: kijani, dhahabu, nyeusi, dhahabu, kijani. Baada ya Muungano bendera iliongezewa buluu, na nyumbani kwake wanakumbuka jinsi alivyonung'unika. Kibomba cha kukamua rangi ya buluu kilikuwa kimoja, naye alikuwa amekiwekea bahari akiba.

Maana bahari ilikuwa imekwisha kuingia. Mwaka 1959 Ernesti alipata hamu ya kusafiri na kamera yake pwani. Alikwenda Pangani, Tanga na Bagamoyo, na baadaye akafika hata Kilwa na Lindi. Alikuwa na jicho la mwanga na kivuli ambalo hakuna wa kulipinga, na wasifu huu haulipingi. Alirudi na minazi iliyoinama, mawe yaliyotobolewa na mawimbi, na wanawake wakichokoa pweza maji yalipokupwa. Alimwekea mdogo wake picha ya kwanza mezani, minazi mitatu kwenye ufuko wa Pangani, akaketi kula. Grasiana alimuuliza mchanga wa huko una rangi gani.

"Mchanga ni mchanga, Grasi," alijibu mdomo ukiwa umejaa. "Kama wa kwetu."

Grasiana alifanya kama alivyoambiwa. Mchanga wa kwao alioujua yeye ulikuwa udongo wa Handeni baada ya mvua ya kwanza, mwekundu, ulioiva. Aliupaka hivyo. Maji aliyapa kijani cha mkonge unaochipua, chenye ule unga wa kijivu unaofutika ukiupitishia kidole. Mawingu aliyatoa kwenye ukungu wa zambarau unaoshuka asubuhi kutoka milima ya Usambara hadi Mombo. Alipomaliza alimwonyesha kaka yake. Ernesti aliiangalia picha ile mpaka Grasiana akaogopa.

"Nimekosea wapi?"

"Hujakosea," Ernesti alisema. "Ndivyo mchanga wa huko ulivyo."

Huo ndio ulikuwa uongo wa kwanza. Jibu la chakulani lilikuwa uzembe tu, na uzembe husameheka. Hili la pili lilisemwa na mtu aliyesimama, akiwa ameona, tena akijua.

Picha hizo zilipendwa kupita kiasi. Watu wa Korogwe na Handeni, ambao wengi wao hawakuwa wamefika pwani, walizitundika sebuleni karibu na picha za ndoa zao. Waliiona bahari wakaitambua, kwa sababu ilikuwa imevaa udongo wao. Hata walioijua bahari walinunua, wakisema hawajapata kuiona ikiwa nzuri namna ile. Baadhi yao walimwambia Ernesti wazi kwamba Pangani haina mchanga mwekundu. Alicheka nao, akawaambia picha za studio yake ni za namna yake, na hakuna neno hata moja katika hayo lililovuka pazia. Amekiri mwenyewe mwaka huu kwamba aliwahi kupewa Tanga kalenda yenye picha za rangi za pwani, akaificha nyumbani kwake, chini ya godoro, isije ikaonekana na mdogo wake.

Kila mwaka Grasiana alikumbushia safari. Kila mwaka palikuwa na sababu: mvua imeharibu njia, baada ya Pasaka, watoto bado wadogo, mwaka huu kazi ni nyingi. Sababu zilipokwisha, Ernesti alishika moja iliyodumu. "Mchanga wa bahari haupitiki kwa fimbo, Grasi," alimwambia. "Fimbo inazama. Utaanguka mbele za watu." Grasiana hakuwa mwoga wa kitu kingine chochote, lakini kuanguka mbele za watu alikuogopa tangu utotoni, na aliyejua hofu hiyo kuliko wote ni yule aliyembeba. Akatulia kwenye kiti chake. Bwana Yordani alipojitolea kumpeleka, alikataa, akisema hiyo ni ahadi ya kaka yake na atamvunjia heshima akitanguliwa.

Mwaka 1966 alifika mchapaji kutoka Dar es Salaam, aliyetaka picha kumi na mbili za bahari kwa ajili ya kalenda ya mwaka uliofuata. Alipendezwa mno. Pazia lilikuwa wazi siku hiyo kwa sababu ya joto, na Grasiana alikuwa ameketi mahali pake, kijiti mkononi.

"Na rangi hizi?" mgeni aliuliza. "Nani fundi wa rangi?"

"Mimi mwenyewe," Ernesti alisema.

"Na huyu mama?"

"Huyu ni mdogo wangu. Huja kunisaidia usafi."

Grasiana aliviingiza vidole vyake vya buluu ndani ya kanga. Alimsalimia mgeni, akamwuliza habari za safari, akaomba radhi kwamba chai imepoa. Katika malezi yake mtu hamwaibishi kaka yake mbele ya mgeni, hata kama aliyeaibishwa ni yeye. Mgeni alipoondoka, Ernesti alimwambia kwamba mambo ya mjini yako hivyo, jina moja linatosha, na zaidi ya hapo mchapaji angewaona hawaeleweki. Kisha akasema, "Mwaka huu nakupeleka. Safari hii kweli." Kalenda ya 1967 ilitoka. Chini ya kila mwezi paliandikwa: Picha na rangi, E. Mhina. Bibi Chausiku alitundika moja nyumbani kwake Mazingara. Kijiji kilipohamishwa mwaka 1974, inasimuliwa kwamba aliuacha mlango na kinu, akaibeba kalenda ile kichwani ndani ya ungo, ingawa miezi yake yote ilikuwa imepita zamani.

Agosti 1970 Grasiana alikwenda Lushoto kuwaona wakwe zake. Wakati wa kurudi, basi lilisimama Mombo, abiria wakaingia mgahawani kula. Ukutani palikuwa na ukurasa wa Mei wa kalenda ile: minazi mitatu. Mama mmoja wa Pangani, aliyekuwa safarini kama yeye, aliutazama akaangua kicheko.

"Jamani, njooni muone! Aliyepaka hii hajapata kukanyaga Pangani. Mchanga mwekundu! Au ameusomba Handeni kwa gunia akaja kutumwagia?"

Mgahawa mzima ulicheka, na kwa adabu Grasiana alicheka pamoja nao. Kisha akaweka kijiko chini.

"Samahani, dada. Mchanga wenu una rangi gani?"

"Mweupe, mama. Kama unga uliokobolewa. Pale mto unapotokea ndiyo unakuwa kijivu kidogo. Kwani wewe hujafika?"

"Bado," Grasiana alisema.

Hakwenda kumuuliza Ernesti. Alikwenda kwa rafiki yake Simaloi, mama wa Kimaasai aliyekuwa akileta maziwa Kilole kila asubuhi, naye yupo hapa leo. Ijumaa, tarehe 4 Septemba 1970, wawili hao walipanda basi la Muheza, na kutoka Muheza wakapata gari la kwenda Pangani. Mkobani Grasiana alikuwa na ukurasa wa Mei. Walipofika ufukoni fimbo ilizama kweli, kama alivyoonywa. Simaloi aliichomoa, akaitupia begani, akamshika mwenzake kiunoni.

"Fimbo ni ya mbuzi," alisema. "Nikamate mimi."

Walikwenda hatua kwa hatua hadi maji yalipowalamba miguu. Grasiana hakuanguka. Na kama angeanguka, anasema Simaloi, mchanga ule ulikuwa laini kuliko kitanda chake.

"Maji yote haya," Simaloi alisema, "na hakuna ng'ombe hata mmoja!"

"Ng'ombe wako wakiyanywa watakufa. Ni chumvi tupu."

Simaloi alichovya kidole akaonja, akatema. "Basi Mungu siku hiyo alikuwa na haraka. Alipika bila kuonja."

Grasiana alicheka. Kisha alikaa chini, akaufungua ukurasa wa Mei juu ya goti lake zima, akauinua mbele ya macho. Minazi mitatu ilikuwa palepale. Chini yake mchanga ulikuwa mweupe. Karibu na mdomo wa mto maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, mbele zaidi yakawa kijani chepesi, halafu palikuwa na mstari, na nyuma ya mstari buluu ambayo hakuwa amewahi kuikamua katika kibomba chochote. Alikaa hapo tangu saa sita mchana hadi gari la kurudi lilipopiga honi. Simaloi anasema hakulia. Alisema maneno mawili tu, tena alikuwa akiiambia bahari: "Kumbe hivi." Alipokuwa akiinuliwa akaongeza, "Tena ni nzuri hivihivi. Angeniacha tu niione."

Jumatatu yake aliingia studio kama kawaida, akafunga mlango wa mbele. Mazungumzo yaliyofuata Ernesti ameyasimulia mwenyewe kwa ukoo, na yanaandikwa hapa kama alivyoyasimulia.

"Nimetoka Pangani," Grasiana alisema. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu ile ya kwanza?"

"Tangu ile ya kwanza. Grasi, sikiliza. Ungeiona, ungeipaka kama wanavyoipaka wote. Zako hazikuwa na mfano duniani. Nani angekuja Korogwe kununua bahari ambayo iko Tanga bure?"

"Kwa hiyo ulinificha bahari ili niendelee kukosea."

"Hukukosea! Huo ndio uzuri wenyewe."

"Uzuri ni wangu," Grasiana alisema. "Jina ni lako. Na kosa nalo ni langu, maana Mombo nimechekwa mimi."

Alimpa kaka yake nafasi. Katika juma hilo alipaka upya picha ya minazi mitatu kwa rangi alizoziona, akaandika pembeni jina lake, Grasiana Mhina, kwa herufi ndogo za darasa la nne. Walioiona wanasema ilikuwa picha iliyopita zote: jicho lilelile, sasa likiwa limeshiba. Ernesti alikataa kuitundika. Alisema wateja wamezoea nyingine, na kwamba majina mawili yataleta maswali. Grasiana alisuuza vijiti vyake, akavipanga, akatoka. Picha ile aliichukua, na haijulikani aliipeleka wapi. Hakupaka rangi tena katika studio ile wala mahali pengine popote.

Bibi Chausiku alipopata habari alisafiri kutoka Mazingara, akamsihi binti yake asilitoe jambo hilo nje. "Aliyekubeba mgongoni humwaibishi barazani," alimwambia.

"Mama," Grasiana alijibu, "alinibeba miaka minne. Mimi nimembeba kumi na mmoja."

Hata hivyo alitii. Aliendelea kumwamkia kaka yake, kumpelekea mboga, kumwuguza mkewe alipojifungua. Aliyetazama kutoka nje aliona ndugu wanaopendana. Lakini hakumwita tena "kaka". Alimwita "Mzee Ernesti", kwa heshima zote, kama mtu anavyomwita mwenyekiti.

Tangu 1971 alifundisha elimu ya watu wazima hapa Kilole, kazi aliyoipenda na iliyompenda. Alifundisha kina mama kusoma na kuandika, wengi wao wakiwa na watoto mgongoni, na alikuwa na sheria moja: kitu cha kwanza ambacho kila mwanafunzi alijifunza kuandika kilikuwa jina lake mwenyewe, tena lote, la kwake na la baba yake. Walimu wengine walianza na "baba" na "kuku". Yeye hakukubali. Wanawake mia moja na arobaini na watatu walipita mikononi mwake. Siku hizi, wanapopokea barua au kutia sahihi vocha za mazao, hawachovyi kidole gumba.

Februari 1979 marehemu alianza kukosa pumzi. Ilionekana moyo wake umechoka, pengine tangu ile homa ya utotoni. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi darasani Juni. Mwanzoni mwa Septemba miguu yote miwili ilivimba, akalazwa hospitalini. Jumatatu tarehe 10 Septemba Ernesti alimtembelea, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Bwana Yordani na binti yao Chausiku walikuwapo. Grasiana alisema ana ombi dogo: aletewe zile picha za asili za kalenda, kumi na mbili, aandike jina lake nyuma ya kila moja wakati mkono bado una nguvu.

Ernesti aliinama. Alisema haziko. Alikuwa ameziuza zote mwaka 1972 kwa msafiri wa kigeni aliyekuwa akipanda Lushoto, nyuma zikiwa na muhuri wa studio.

"Hata minazi mitatu?"

"Hata hiyo."

Marehemu aligeukia ukutani. Wote walidhani amesinzia. Baada ya muda alisema, bila kugeuka:

"Basi siku ya kunizika habari hii isomwe mbele za watu."

"Nitaisoma mwenyewe," Ernesti alisema.

"Hapana. Wewe utasikiliza."

Aliacha agizo jingine, na binti yake aliliandika siku hiyohiyo: "Msiandike kwamba nimemsamehe. Sijafika huko. Nikifika nitamwambia mwenyewe."

Grasiana Isaka Mhina alifariki dunia Jumatano, tarehe 19 Septemba 1979, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane. Mumewe alikuwa amemshika mkono. Siku tisa zilikuwa zimepita tangu mazungumzo yale, na katika siku hizo Ernesti alikuja kila asubuhi akakaa. Ukoo umemuuliza. Anasema hakuambiwa.

Kwa hiyo isomwe, kama alivyotaka, na waliokaa mbali wasogee. Picha zote za bahari zilizotoka katika Studio Mhina ya Korogwe tangu mwaka 1959 hadi 1970, za Pangani, za Tanga, za Bagamoyo, za Kilwa na za Lindi, pamoja na zote kumi na mbili za kalenda ya mwaka 1967, zilipigwa na Ernesti Mhina na kupakwa rangi na Grasiana Mhina. Mwenye nazo nyumbani anaombwa na ukoo, akifika kwake, aigeuze picha na kuandika jina hilo nyuma kwa kalamu. Aliye na shaka ya herufi awaulize kina mama wa darasa la Kilole.

Wasifu huu ulisomwa kwa Ernesti jana mchana, mbele ya wazee wa ukoo, kabla haujapigwa chapa. Aliusikiliza wote. Aliomba neno moja tu lisahihishwe. Palikuwa pameandikwa kwamba mdogo wake alimfanyia kazi kwa miaka kumi. Alisema ilikuwa kumi na mmoja.

Marehemu ameacha mume, Bwana Yordani Shemndolwa, watoto wawili, Isaka na Chausiku, wajukuu watatu, kaka, Ernesti, rafiki asiyehesabika nje ya ukoo, Mama Simaloi, na wanafunzi wake wote. Ukoo unawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kilole waliopika na kuchota maji, na wale waliotoka Mazingara na Mombo kwa miguu na kwa basi.

Mwenyezi Mungu, aliyeziumba rangi zote na hakuhitaji kuficha hata moja, ampe mja wake pumziko la amani.

Anazikwa Kilole leo, Ijumaa tarehe 21 Septemba 1979, katika safu ya tatu kutoka barabarani, kaburi la mwisho mkono wa kushoto.